Chumvi ya Ng'ambo

Jumamosi ni keshokutwa, na daraja sina.

Nimekaa stoo ya kiwanda, magunia ya chai yamenizunguka,
nje Tukuyu inanyesha kama ilivyonyesha jana na juzi,
na mapajani nimepakata kaunta buku la Ambakisye,
la kwaya tatu, lililovimba kwa unyevu.
Ulendea yote imo humo:
wafalme waliouana kwa zamu, bei ya mbuzi wakati wa njaa,
mto Nyesa uliochorwa kwa peni ya bluu hadi wino ukaisha
ukaendelea kwa nyekundu.
(Wachezaji waliuliza kwa nini mto unageuka rangi.
Ikabidi pale pawe palipiganwa vita.)

Mwenyewe kahamishiwa Sumbawanga. Aliniachia nchi
kama mtu anavyomwachia jirani kuku:
walishe, nitarudi.

Sasa msimulizi ni mimi, na nina jeshi.
Wiki nzima nimelilea. Nataka livuke Daraja la Meno
alfajiri, ukungu ukiwa kiunoni, bila mlio wa ngoma.
Ukurasa wa arobaini na moja, mstari mmoja:
*Daraja la Meno liliungua mwaka wa nzige wa pili.
Hakuna aliyevuka tena.*

Ningeweza kuuchana. Nani angejua?

Gwamaka angejua. Fundi pikipiki huyu
amesahau deni langu la tangu Pasaka,
lakini jina la mbwa wa mlinzi wa geti la tatu
analo kichwani, na la mama wa mbwa.
Na mlinzi mwenyewe, je? Alishakufa, nikasahau,
nikamleta tena amesimama getini, anasalimia.
Bupe hakusema kitu. Aliweka penseli chini,
akamimina chai, akaiacha ipoe.
Tulicheza hadi saa nne usiku
na namba zilikuwa namba tu.

Nikampigia Ambakisye. Nani alichoma daraja?
Mtandao ukakatika, uliporudi alikuwa anacheka.
"Aa, Subilaga. Nilitaka tu wasivuke.
Muda ulikuwa umeenda, na upande wa pili
nilikuwa sijaandika kitu."

Kumbe ndiyo hiyo historia.
Mtu mmoja kachoka, usiku wa mvua,
na miaka mitano baadaye mhusika wa Bupe
anavaa kipande cha mkaa shingoni
kwa ajili ya waliokuwa juu ya daraja lile.
Nenda wewe ukamvue.

Nikarudi mwanzo. Nikasoma polepole,
kama anayechambua mchele wa Kyela kwenye ungo,
kidole kinatafuta jiwe.
Ukurasa wa sitini, bei za soko la Vumbe,
mwandiko wa haraka, duara la kikombe:
*Mwaka wa nzige wa tatu.
Maharage, pishi, senti nne.
Chumvi ya ng'ambo, pishi, senti tisa.*

Ya ng'ambo.
Nyesa ina ng'ambo moja tu.
Daraja majivu, hakuna aliyevuka tena,
na chumvi iko mezani, wala si ghali sana.

Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia stoo.
Jeshi nimelirudisha kambini, lilale. Labda mwakani.

Jumamosi, chumba cha nyuma, kwa mama Bupe mshonaji,
mabati yanapigwa, inanibidi nipaze sauti.
Dadu la pande ishirini lilipotea zamani;
tuna vikaratasi ishirini kwenye kopo la Blue Band,
cha kumi na saba kimechanika pembe
na kila mmoja anajua kukipapasa.

Naanza. Mko sokoni Vumbe. Bibi mmoja anauza chumvi.
Nyeupe, ina mchanga kidogo.
Anawaambia, onjeni, kuonja ni bure.

Gwamaka ana ndizi ya kuchoma mdomoni.
Anaacha kutafuna.

"Chumvi ya wapi?"